Bastola Mbili, Kiti Kimoja

Jumatatu, 2 Juni

Nimedhalilishwa. Naandika hapa kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitasikika hadi getini.

Mkurugenzi ametuita ofisini kwake saa tatu, mimi na Sajini. Angeniita mimi peke yangu ningeelewa. Miaka kumi na moja nimekuwa Msaidizi wa Mkuu wa Ulinzi katika kampuni hii ya kulinda maghala ya dawa. Mkuu anastaafu mwezi huu. Msaidizi yupo. Kuna nini tena hapo cha kujadili? Lakini wapi! Kakaa pale Sajini, mtunza ghala la silaha, mwanamke aliyekuja juzi tu, miaka mitatu, kutoka jeshini, na mgongo wake ulionyooka na kijidaftari chake.

Mkurugenzi akasema zile bastola zetu za kizamani za risasi sita zimechoka, zitaondolewa. Mwenye duka la silaha ameleta mbili za majaribio. Zote kubwa, si zile ndogo za kuficha mfukoni. Zote za milimita tisa, zote zinajipakia risasi zenyewe baada ya kila mlio. Moja ni ya chuma mwili mzima. Nyingine nusu plastiki. Kila mmoja wetu azijaribu, aandike ripoti yake, aitetee Alhamisi ya wiki ijayo. Kisha akaongeza, huku akichezea kalamu, kwamba ripoti hizo zitamsaidia kujua nani akalie kile kiti.

Mtihani! Mimi! Mtu mzima na mvi zangu natungiwa mtihani kama niko darasa la nne!

Nyumbani mke wangu akauliza mbona uso umefura. Nikamwambia ni uchovu wa cheo, maana kile kiti ni kama nimeshapewa. Alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu. Habari akaifupisha, akamwambia nimepewa. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka nikavisikia nikiwa jikoni. Akasema atakuja Jumanne ya tarehe 17 aione ofisi ya mkwewe kwa macho yake. Huyu ndiye yule mama mkwe aliyesema siku ya harusi yetu, mbele ya watu wazima wote, kwamba bintiye angesubiri kidogo angepata mwanamume aliyekamilika.

Sikusahihisha. Ya nini? Ikifika tarehe 17 itakuwa kweli.

Jumanne, 3 Juni

Nimeziona.

Ya chuma nimeipenda hapo hapo. Nyeusi, nzito, imetulia mezani kama mtu mwenye mashamba. Ukiishika unajua umeshika kitu. Hiyo ndiyo bastola ya Mkuu. Ya plastiki inafanana na vile vibakuli vya kuwekea mboga iliyobaki. Sitaki hata kuizungumzia.

Sajini akachomoa magazini zote mbili, yaani vile vikasha vya risasi, akavuta sehemu ya juu nyuma, akachungulia ndani, akaingiza kidole kuhakikisha hakuna risasi, kisha akanitaka nami nitazame. Nikamwambia nimeshaona. Akasema sijaona, nilikuwa naangalia dirishani. Kha! Nikatazama. Kisha akanisainisha daftari la kutolea silaha. Mimi, ambaye daftari hilo nililianzisha! Halafu, mbele ya walinzi wawili, akaniomba nitoe kidole kwenye kifyatulio mpaka nitakapokuwa nalenga shabaha. Kwa upole. Huo upole wake ndio unaonikata maini.

Akasema swali lake kubwa ni uzito. Mlinzi anasimama kutwa nzima, na ya chuma ikijazwa risasi inafika kilo moja na robo. Nikamwambia huo ni uzito wa kitoto, mwanamume wa kweli hata hausikii, labda huko jeshini walikuwa wanabeba bunduki za mbao. Akaandika kitu kwenye kijidaftari.

Anaandika nini mule?

Jumatano, 4 Juni

Mbinu! Nitathibitisha kwa vitendo. Sajini haruhusu silaha itoke ghalani bila kazi maalumu, basi nimechukua paketi ya sukari ya kilo moja na kipande cha sabuni ya kufulia, nikavipima kwa mizani ya jikoni, nikavitia kwenye soksi, soksi nikaifunga kwenye mkanda, kiunoni kushoto, ndani ya koti. Mimi natumia mkono wa kushoto. Kilo moja na robo, haijazidi, haijapungua. Kuanzia asubuhi hadi jioni, zamu nzima ya mlinzi.

Saa mbili: sihisi kitu. Nimeandika “hakuna uzito wowote.”

Saa nne: suruali imeanza kushuka upande mmoja. Kosa la mkanda.

Saa sita: natembea kiupandeupande. Mlinzi wa getini ameniuliza kama nimeteguka. Nimemwambia ashughulike na geti.

Saa nane: soksi imetoboka. Sukari inateremka taratibu mguuni hadi kiatuni. Nilikuwa nimesimama na Mkurugenzi. Akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akaendelea na mazungumzo. Muungwana sana.

Saa kumi: sisimizi.

Nimemaliza zamu, hakuna wa kuninyima hilo. Mke wangu ndiye aliyenijia juu: hana sukari ya chai, sabuni imejaa nyuzi, na kuna mstari mweupe kutoka mlangoni hadi kitandani. Nikamweleza kwamba ni utafiti wa usalama. Akasema utafiti huo ningeufanya kwa chumvi, chumvi ipo tele.

Naandika haya nimelala kifudifudi. Kwenye ripoti, mbele ya neno Uzito, nimejaza: hauna tatizo lolote.

Alhamisi, 5 Juni

Kiuno! Mke wangu ndiye aliyenivalisha soksi, tena kwa masimango.

Kazini nimekuta kijidaftari cha Sajini kiko wazi mezani, mwenyewe yuko ndani ya ghala. Sikupekua. Macho yaliteleza yenyewe. Ameandika: plastiki, nyepesi, inafaa mikono midogo, kifyatulio kina ugumu uleule kila mlio. Chini yake kapiga mistari miwili.

Aha! Yeye plastiki, mimi chuma. Basi ni vita.

Nimemwandikia barua rasmi ya kurasa nne ya kumnyamazisha, nikaipiga muhuri. Nimemweleza kwamba chuma ndicho kinachotuliza mkono. Kwamba bastola nzito hairuki sana ikilia, kwa hiyo risasi ya pili huifuata ya kwanza palepale. Kwamba mlinzi mwoga mwenye bastola nyepesi huilenga risasi ya kwanza na kuiombea dua ya pili. Sentensi hiyo nimeipenda kupita kiasi. Nimeisoma kwa sauti mara tatu. Nikamalizia kwamba mtu yeyote anayependekeza plastiki hana uchungu na kampuni. Sahihi, tarehe, nakala kwa faili.

Ameisoma yote nikiwa nimesimama pale pale. Akasema ina hoja, ataifikiria. Ataifikiria! Nilitaka aumie, sikutaka afikirie.

Ijumaa, 6 Juni

Sitaki kuandika habari za leo.

Naziandika kwa sababu lazima ukweli ubaki mahali, maana walinzi wameshaanza kusimulia wanavyotaka wao.

Uwanja wa shabaha. Mkufunzi wa pale, mzee mfupi asiyecheka, mimi, Sajini, na walinzi sita. Nikaomba nianze mimi, tena nianze na ya chuma. Nikasimama. Nikalenga. Nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Hakuna! Nikavuta kwa vidole viwili. Hapo nikaiweka mezani, nikawageukia, nikatangaza kwamba silaha hii ni mbovu na mwenye duka atatueleza.

Mkufunzi akaichukua. Akasukuma kijiti kidogo pembeni kwa dole gumba. Akapiga risasi tano, zote zikaingia mahali ambapo ungepafunika kwa kizibo cha chupa. Akasema bastola ni nzima kabisa, ila nilikuwa nimeacha kijiti cha usalama kimefungwa.

Sasa naomba kuuliza: kijiti chenyewe kiko wapi? Kiko ubavu wa kushoto, panapofikiwa na dole gumba la mkono wa kulia! Anayetumia kushoto akifikie na nini, na pua? Huu ni ubaguzi mtupu, na niliwaambia hivyo hivyo. Walinzi wakaangalia viatu vyao. Sajini akaandika.

Akakifunga tena, akanirudishia; nikakifungua kwa mkono wa kulia, nikalenga upya. Mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mrefu na mgumu, unavuta, unavuta, mpaka mate yanakauka. Ikalia. Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya mlio wa kwanza kifyatulio hicho hicho kinakuwa laini, ukikigusa tu kimeondoka! Risasi ya pili ilitoka kabla sijaamua. Ikapiga ubao wa namba ulio juu ya shabaha ya Sajini. Hivi sasa Sajini ana shabaha isiyo na namba. Nikasema nilikuwa najaribu kitu. Mkufunzi akasimamisha shughuli yote na kunitaka nipumzike, kwa sauti anayopewa mgonjwa.

Kwa ya plastiki nilitoboa karatasi mara nne kati ya kumi. Nne! Hakuna kijiti, hakuna mizengwe, unavuta inalia, unavuta inalia.

Sajini alipiga kwa zote mbili. Matokeo yake siyataji. Yalikuwa mazuri kupita adabu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekutana na Mkurugenzi kwenye ngazi. Amenunua mkoba mpya wa kazini, wa plastiki, mwepesi, anausifu. Akasema siku hizi hapendi kabisa kubeba vitu vizito. Na alipolisema hilo akaniangalia machoni. Machoni! Mimi si mtoto. Nikidokezwa najua.

Basi mambo yako hivi. Mkurugenzi ni plastiki. Sajini ni plastiki. Nikibaki na chuma nimebaki peke yangu, na kiti kinaondoka. Nikihamia plastiki tunakuwa watu wawili wenye ripoti moja, na kati ya watu wawili wenye ripoti moja cheo anapewa nani? Mwenye miaka kumi na moja!

Huku si kugeuka. Ni kujipanga upya. Tena ile ya chuma ilinivunjia heshima jana mbele ya walinzi sita, sina sababu ya kuihurumia.

Ripoti ya kwanza nimeichana. Ile barua ya kurasa nne niliikumbuka baadaye, wakati wa chakula. Sajini atakuwa ameshaitupa. Mimi ningeitupa.

Jumatatu, 9 Juni

Ripoti mpya imekamilika, kurasa kumi na moja. Plastiki nimeisifu mpaka wino ukafifia. Ya chuma nimeiita mzigo wa kuwatesa maskini walinzi, na nimeweka jedwali la maumivu ya kiuno, saa kwa saa, bila kutaja sukari.

Sajini amewarudisha wale walinzi sita uwanjani, na bastola zote mbili. Tangu asubuhi! Nimecheka peke yangu ofisini. Anamaliza risasi kujaribu tena bastola ambayo yeye mwenyewe haitaki. Huko jeshini hawafundishwi kufikiri, hilo nimelisema siku zote.

Mama mkwe amepiga simu. Ameuliza kama ofisi ina dirisha. Nimemwambia mawili. Ameuliza kama kuna kiti cha mgeni, kwa sababu ya magoti yake. Nimemwambia viko vitatu, vya kuzunguka. Sijui kwa nini nilisema vya kuzunguka. Akasema ameshamwambia kila mtu, hadi fundi cherehani anayemshonea gauni la kuja nalo. Mwanamke huyu akija akute kiti kimekaliwa na mtu mwingine, mimi nyumba hii sina tena. Nitaonekana nisiyekamilika mara mbili.

Jumatano, 11 Juni

Nimempitia Sajini ghalani kumpima kidogo. Alikuwa anasafisha mtutu. Nikamvisha kilemba cha ukoka: nikamwambia ana jicho zuri la silaha, na kwamba nimefurahi mwisho wa yote tunakubaliana. Akainua uso. Akasema naye amefurahi sana, hakutegemea, na kwamba alikuwa na wasiwasi nitamchukia. Akanishukuru kwa moyo mweupe kabisa, maskini. Nilijifinya paja nisicheke.

Nimepita kwenye ofisi ya Mkuu pia. Hakuwamo. Nimekikalia kiti kwa kipimo tu. Kinanitosha mapajani.

Alhamisi, 12 Juni

Hiana! Wizi wa mchana kweupe!

Niliomba niseme kwanza. Nikasema dakika ishirini na mbili. Sijawahi kusema vile maishani. Nikasema ya chuma inavunja viuno vya watu. Nikasema kijiti chake ni mtego kwa wenye kutumia kushoto. Nikafunga kwa kusema mtu yeyote anayependekeza chuma hana uchungu na kampuni. Mkurugenzi akaandika kitu. Nikajua nimeshinda.

Akasimama Sajini. Akasema anapendekeza ya chuma.

Ya chuma! Akaeleza, kwa ule upole wake, kwamba mwanzoni alielekea kwenye plastiki, lakini alifunguliwa macho na barua ya Msaidizi ya tarehe 5 Juni. Kisha akagawa nakala. Nakala! Na muhuri wangu, na sahihi yangu yenye mkia! Akasoma kwa sauti ile sentensi ya mlinzi mwoga na dua yake. Mkurugenzi akaipenda, akataka irudiwe. Sentensi yangu mimi! Akasema hoja hiyo ameijaribu kwa walinzi sita, na wote sita risasi zao za pili na za tatu zilikaa karibu zaidi na ya kwanza walipotumia ya chuma. Kuhusu uzito akasema ni kweli, Msaidizi ameeleza vizuri sana, kwa hiyo anaomba mikanda mipana yenye kamba ya begani. Kuhusu kijiti, ambacho nilikigundua mimi, mwenye duka amekubali kuleta zenye kijiti pande zote mbili.

Yaani hakuna alichosema ambacho hakukitoa kwangu! Amenikamua mpaka mbegu, kisha akanishukuru mbele za watu!

Mkurugenzi akashika ripoti yangu mkono mmoja na barua yangu mkono mwingine, akaziangalia kwa zamu. Nikainuka haraka. Nikasema naiondoa ripoti, nabaki na barua, moyo wangu haujawahi kutoka kwenye chuma hata siku moja. Akaniuliza basi amwamini Msaidizi yupi kati ya hawa wawili. Nikasema yule wa Alhamisi. Akasema hata leo ni Alhamisi.

Mke wangu ameuliza mkutano ulikwendaje. Nimemwambia hoja zangu zote zimepita. Huo si uongo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesusa. Nimeamua sisemi na mtu yeyote kazini mpaka niombwe radhi.

Hadi jioni hakuna aliyegundua.

Jumatatu, 16 Juni

Tangazo limebandikwa. Mkuu mpya wa Ulinzi ni Sajini. Mkuu wa zamani ameanza likizo yake ya mwisho leo hii, kwa hiyo Sajini kaingia ofisini palepale, na kijidaftari chake na kikombe chake. Mimi nimeachwa kuwa Msaidizi “kwa kutambua uzoefu wake.” Uzoefu wa nini, wa kunyang'anywa?

Nimejifungia chooni nikalia kidogo. Nimeliandika, basi, yaishe.

Na kesho ni tarehe 17. Nyumbani mke wangu anapiga pasi shati langu jeupe huku akiimba. Nikafungua mdomo nimwambie. Akageuka akaniangalia, amefurahi kama siku tulipohamia nyumba hii, akasema mama yake hajalala kwa hamu. Nikaomba maji ya kunywa.

Lakini sijafa! Kila Jumanne saa nne Mkuu wa Ulinzi hukagua mageti ya maghala, saa nzima, ndio utaratibu tangu enzi. Ofisi inabaki tupu. Kibao cha jina bado hakijawekwa mlangoni. Nusu saa inanitosha. Mama mkwe anaingia, anaona, anafurahi, anatoka. Mbinu haina tundu hata la kupitisha sindano.

Jumanne, 17 Juni

Imefaulu! Ila si kama nilivyopanga.

Saa nne na dakika kumi nimemwingiza mama mkwe. Gauni jipya la kijani, mkoba kakumbatia kifuani, mke wangu nyuma yake. Walinzi njiani wakanipigia saluti, kama kawaida, na kila saluti mama mkwe akaiitikia yeye. Nikausukuma mlango kwa mbwembwe, nikasema karibuni ofisini kwangu.

Sajini alikuwa amekaa kitini.

Hakwenda kukagua mageti! Siku yake ya pili tu na tayari utaratibu wa miaka umevunjwa! Akaniangalia mimi. Akamwangalia mama mkwe, gauni lile, mkoba, namna alivyoegemea mlango kwa ajili ya magoti. Kisha akasimama, akanyoosha sare, akagonga visigino, akasema samahani mkuu, alikuwa anazipanga karatasi zangu tu, ameshamaliza. Akamshika mama mkwe mkono akamkalisha. Akatoka, mlango akaufunga polepole.

Nikakaa.

Mama mkwe akaangalia kila kitu. Akahesabu madirisha, akapata moja. Nikamwambia la pili liko kwenye matengenezo. Kisha akasema kwamba siku ya harusi alitamka neno mbele ya watu ambalo halikuwa jema, na leo analifuta mbele ya binti yake, na akirudi nyumbani atalifuta mbele ya wale wale waliolisikia, mmoja mmoja. Akaniita mwanangu. Miaka kumi na minane nilikuwa “huyo.” Mke wangu akageukia ukutani kufuta macho. Nami nikayafuta yangu kwa mkono wa shati, sitajidanganya kwenye shajara yangu mwenyewe.

Hodi mlangoni. Sajini, anaomba ruhusa ya kuingia! Ameleta chai, vikombe vitatu kwenye sinia. Nikaona nafasi hii haiji tena. Nikamwuliza kwa ukali ripoti ya mageti iko wapi, mbona haijafika mezani kwangu, hii ni kampuni au kijiwe? Akasema samahani mkuu, itafika. Nikamwambia iwe mara ya mwisho. Mama mkwe akaninong'oneza kwamba nimezidi ukali, binti mwenyewe ana adabu, nisije nikampoteza.

Walipoondoka Sajini ndiye aliyewasindikiza hadi getini, kamshikilia mama mkwe kiwiko. Aliporudi nikainuka kitini, kwa hiari yangu. Hakusema la maana. Alisema tu kwamba mara nyingine nimwambie siku moja kabla, awahi kuzifungia funguo za ghala la silaha, maana leo alitoka kwa haraka akaziacha kwenye droo. Kisha akauliza kama mama ana dawa ya magoti.

Jioni nzima nalifikiria jambo hili, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo damu inavyonichemka. Mkuu wa Ulinzi anaacha ofisi yake! Anamwachia mtu asiyehusika, pamoja na wageni wawili kutoka nje, na funguo za silaha ziko ndani ya droo! Dakika hamsini! Je, mtu huyo angekuwa jambazi? Huyu ndiye wa kulinda dawa za wagonjwa? Thubutu! Mkurugenzi lazima ajue, tena ajue kesho asubuhi kabla hajavua koti.

Barua iko tayari. Nimeeleza yote, saa na dakika, na mama mkwe nimemtaja kuwa shahidi. Nimetumia karatasi rasmi zenye nembo, nilizichukua pale mezani nikiwa nimekaa. Chini nimetia sahihi, na chini ya sahihi cheo: Mkuu wa Ulinzi. Kwa muda ule nilikuwa ndiye, na mimi siandiki uongo kwenye barua rasmi.